Picha Iliyoungua Kwenye Dawa

Tunduma, Juni 1979

Mama Anyitike, mke wangu uliyenikimbia ukamuuguze mama yako huko Mbebe,

Mama mkwe anaendeleaje? Wateja wamepungua, basi napiga picha kikombe chako na sufuria. Hawa hawafumbi macho wala hawalalamiki kwamba nimewafanya weusi.

Juzi kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, nilitia karatasi kwenye dawa nikasubiri picha itokee. Jirani yetu Ishaka akacheka: "Mzee, mbona imeshatoka zamani? Sasa inaungua, yote imekuwa nyeusi!" Mimi sikuwa nimeona kitu. Daktari wa Vwawa anasema macho yanakwisha.

Mlango na kitanda nitavijua kwa kupapasa. Uso wako nataka niutazame mchana kweupe, hata ukiwa umenuna. Mama akipata nafuu, njoo.

Mkorofi wako,
Sadoki