Aliyesafisha Njia

Kwako Dada Dorilla,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na mgongo wako umetulia tangu mlipobadilisha godoro. Wasalimie watoto wote. Shemeji Ulric mwambie soksi za sufu zimefika na zinanifaa, ingawa moja ni kubwa kuliko nyingine, na najua ni nani aliyeifuma huku anatazama mpira wa magongo. Mimi ni mzima kwa kadiri miguu inavyoniruhusu. Kichwa kipo na mdomo upo, na kuhusu mdomo majirani watakuwa mashahidi wangu.

Najua umenikasirikia. Ulisikia kwa watu, karibu na Krismasi, kwamba mimi na Alyre tumeachana, ukanipigia simu nami nikakujibu kwa mkato. Dada yangu, nilikuwa nakudanganya, kama nilivyokuwa nadanganya kijiji kizima. Tulitengana kwa ajili ya ofisi ya posho tu.

Unajua hali yangu tangu kile kiwanda cha kusindika kaa kiliponimaliza magoti. Posho yangu ya ulemavu ilikuwa ikipimwa kwa mapato ya Alyre. Anachopata kiangazi kwenye machimbo ya mboji, na anacholipwa kipupwe kazi ikifungwa, vyote vilipunguzwa kutoka kwenye changu, kana kwamba mume akipata mshahara magoti ya mke yanapona. Mwishoni wakamwondoa na yule msaidizi aliyekuja kuniogesha, kwa hoja kwamba mume yupo. Nilipolalamika waliniambia kwa upole kwamba nikishindwa kujimudu, kuna nafasi katika nyumba ya wagonjwa huko mjini. Kwa upole, Dada. Nilirudi nyumbani nikalia hadi nikatapika.

Wazo lilikuwa la Alyre, na alilitoa akicheka. Alisimama katikati ya jiko akaweka mkono kifuani. "Obéline, mke wangu, leo nakuacha rasmi. Makelele yako yamenishinda." Nikamwambia amechelewa miaka ishirini. Ndipo akanieleza. Mke na mume wakikaa mbali mbali miezi mitatu mfululizo bila kurudiana, ofisi inamhesabu kila mmoja peke yake, na mimi ningerudishiwa posho yangu nzima na msaidizi wangu. Yeye angekwenda kukaa kwenye kibanda chake cha kuwindia, ng'ambo ya ghuba, na unga, maharage na nyama ya chumvi. Hakuna simu wala kutembeleana, maana hapa kwetu mtu akikohoa, jirani anajua ni kifua cha nani. Miezi ikiisha angekuja Jumapili kula fricot, mchuzi wangu wa kuku, kama mgeni, na mwenye ubavu athibitishe vinginevyo. Aliondoka mwisho wa Oktoba, kabla ya theluji, na kakake Réal ndiye aliyemvusha kwa mashua.

Theluji ya kwanza ilianguka nzito. Asubuhi nilijisukuma na kiti changu cha magurudumu hadi mlangoni, nikijiuliza nitamwomba nani anisafishie, nikakuta njia imeshasafishwa hadi barabarani. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Adhuhuri akaja Édesse wa nyumba ya pili, ameshika kiuno. "We mwanamke, unatangaza umeachika, na mumeo nimemwona leo anapiga beleshi pale mlangoni kwako? Mnatuchezea?"

Nilipandwa na hasira. Nilijua Alyre ni mkaidi, ila sikujua ni mjinga. Theluji ya pili nilimsikia mwenyewe. Beleshi lilikuwa likikwaruza chini ya dirisha, pole pole, kwa ule mwendo wake wa kupumzika kila baada ya michoto mitatu. Sikufungua. Nilisema kupitia mlangoni, kwa sauti ya chini ili Édesse asisikie, kwamba aende zake, kwamba ataniponza, kwamba nitapelekwa kwa wagonjwa kwa sababu yake. Beleshi likanyamaza. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa safi, na kando yake theluji ilikuwa imelala bila alama ya kiatu. Nikajiambia upepo umezifuta, ingawa siku hiyo hata moshi wa majirani ulikuwa unapanda wima.

Ikawa hivyo kipupwe chote. Theluji ikianguka, njia inasafishwa. Mpeleka barua alimwona, akampungia mkono. Padri alimwona. Kila aliyeniambia alimwona mgongo tu, na koti lake la kijani, na mimi kila mara niliona haya na kuogopa. Ofisi ilitaka majirani wawili waweke sahihi kwamba Alyre hakai kwangu, na hakuna aliyekubali. Édesse alinijibu kwamba ananipenda lakini hatamdanganya Mungu kwa ajili yangu. Wakaniandikia kwamba kama mume bado yupo, miezi mitatu haijaanza hata kuhesabiwa.

Ndipo Bibi Gionet wa ofisini akaja mwenyewe, Januari, mchana wa jua kali linaloumiza macho juu ya theluji. Ni mama mwema, tunasali naye kanisa moja. Alikunywa chai yangu, akaniuliza nani ananipikia, nani analala wapi. Nilikuwa namjibu vizuri tu. Halafu beleshi likaanza chini ya dirisha.

Alisimama akatazama nje. Akaniuliza, bila ukali, kama yule si mume wangu.

Nitarudi hapo, Dada. Acha kwanza nikuambie yaliyofuata. Baada ya ziara ile nilikubaliwa, kwa ushahidi wa Bibi Gionet mwenyewe. Posho ilirudi, na msaidizi akarudi, binti mzuri anayeimba akiniosha nywele. Theluji ilianguka mara nyingine, ikabaki ilipoanguka, nami nikafurahi kwamba hatimaye Alyre amepata akili. Wiki iliyopita nilimtuma Réal avuke barafu ya ghuba kwa pikipiki ya theluji, akamwambie mambo yamekaa sawa na aje Jumapili.

Réal alirudi peke yake, akakaa jikoni bila kuvua kofia. Alikuta kibanda kimezungukwa na theluji isiyokanyagwa, hadi juu ya kitasa. Ndani, Alyre alikuwa kitandani, amejifunika blanketi hadi kidevuni, na bomba la jiko limezibwa na kiota cha ndege. Kuni alizozipasua Oktoba zilikuwa zimepungua kidogo tu. Daktari anasema alivuta ile hewa mbaya ya jiko akiwa usingizini, siku zake za kwanza kule, kabla theluji haijaanguka kabisa. Na hakuna aliyemtafuta. Nani angemtafuta mtu anayeonekana kila theluji ikianguka?

Sasa yale ya dirishani. Bibi Gionet aliponiuliza kama yule ni mume wangu, sikuinua hata macho kutazama. Nilisema simjui. Nikasema kama ni Alyre, basi amwambie hapa si kwake tena, na asirudi. Bibi Gionet alivaa koti, akatoka, nikasikia sauti yake tu. Aliporudi alikuwa anasugua viganja, akaniambia mtu yule hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaliegemeza beleshi ukutani, akaelekea ghuba. Nilipotazama nje baadaye niliona alama za viatu vya Bibi Gionet, kwenda na kurudi, basi. Nilimfukuza mume wangu, Dada. Alikuwa amefika hadi pale nilipomhitaji, sijui kwa njia gani, nikamtuma mtu amfukuze.

Ardhi imeganda, kwa hiyo mwili umewekwa kwenye chumba cha mawe nyuma ya kanisa hadi Mei, lakini misa ni Jumamosi ijayo. Réal ananishauri nikae nyuma kama jirani yeyote. Ananikumbusha kwamba kwenye karatasi za ofisi mimi si mke wa mtu, na kwamba nikijitokeza kama mjane watajua hatukutengana kamwe, watachukua posho na msaidizi, watadai na pesa walizokwisha kunipa. Anasema Alyre mwenyewe angenicheka kwa upumbavu huo. Pengine ni kweli. Lakini padri aliponiuliza aniandike nani kwenye tangazo la msiba, nilimwambia aandike mkewe. Jumamosi nitakaa kiti cha mbele, na Bibi Gionet atakuwa nyuma yangu, na Jumatatu nitamwambia yote kwa mdomo wangu.

Basi, wabusu watoto kwa ajili yangu, na usiwaambie hili mpaka nifike. Jibu haraka, nakuomba, hata kama ni mstari mmoja: kile chumba chako cha chini, mlango wake unapitisha kiti cha magurudumu?

Ni mimi mdogo wako,
Obéline, mke wa Alyre