Mpangaji wa Chumba cha Kwanza

Masakta, Hanang,
14 Julai 1987.

Mpendwa mdogo wangu Philemon,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Barua yako ilianza na hesabu, shikamoo nikaitafuta mpaka nyuma ya bahasha. Hata hivyo, u mzima? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tuko salama, baridi tu ndiyo inatutesa, na ngano inakaribia kuvunwa.

Ulitaka niichambue nyumba yako ya kupangisha chumba kwa chumba, na mpangaji ambaye hajaingiza kitu mwaka mzima aondoke mwisho wa mwezi huu. Nimefanya hivyo. Agizo lako limempata mtu mmoja tu, na moyo umeniuma.

Chumba cha tatu yumo Reginald, dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano. Wakati wa mavuno hulipa vizuri. Miezi mingine hulipa maneno, lakini mwaka ukiisha hana deni.

Chumba cha pili ni cha mzee Gidahosh. Malisho yake yamelimwa ngano, basi ameingiza ndama chumbani, yeye analala barazani na mkuki wake. Nilipomgombeza alinishangaa sana, akasema wanaoona baridi ni ndama. Kodi ya mwaka alilipa mtamba, na mtamba amezaa. Faida hiyo iandike unavyojua wewe msomi.

Chumba cha kwanza ndicho cha hasara. Mpangaji wake hajatoa hata senti, anapika humo humo mpaka kuta zimekuwa nyeusi, na anawatuma wenzake maji kama watoto wake. Ni mama. Nyumba ya ndugu yetu Daudi, alimokuwa akikaa, ilipobomolewa na mvua nilimleta hapa, nikakuandikia. Nadhani ulisoma sehemu ya kodi tu.

Nilimsomea agizo lako neno kwa neno, maana nilikuwa na hasira nawe. Nilidhani atalia. Badala yake akaniuliza, "Nyumba anayokaa Philemon ina vyumba vingapi?"

Nikamwambia vitatu. Akaanza kufunga mizigo.

Shangazi Perpetua na Tadei wanakusalimu. Nibusie Juliana na watoto. Mungu awajalie moyo mkunjufu na kitanda cha ziada.

Barua hii haina stempu kwa sababu ameileta mama mwenyewe. Acha kusoma sasa, umpokee mizigo.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ukiniudhi,
Natalia.