Karai la Mwisho

Jumanne, 9 Aprili

Nimeambiwa nina kisukari. Mimi, Belarmino, niliyebeba miwa mgongoni hadi nyumbu wakaona aibu. Muuguzi Yamile wa zahanati alinitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akatoboa kidole kingine. Babu, akasema, hapa ni mia tatu na zaidi, umesimamaje? Nikamwambia nimesimama toka nizaliwe. Hakucheka.

Vidonge asubuhi na jioni. Sukari marufuku. Wali, muhogo, viazi na ndizi — nichague kimoja kwenye sahani, si vyote vinne. Nani anakula hivyo?

Nilikwenda kwa ajili ya macho. Hilo sikumwambia hata Yamile, achilia mbali mke wangu Oliva. Oliva akijua kitu asubuhi, mchana bonde zima linakijua. Lakini mwandiko wangu humu daftarini umekuwa mkubwa kama wa mtoto. Nisipoukuza siuoni.

Nimechoka. Toka Krismasi nimechoka. Nilidhani ni uzee.

Jumatano, 10 Aprili

Oliva ametupa sukari nyeupe ya wageni. Ilishaganda kama jiwe kwa kukaa. Tupa, nikamwambia, mimi sijawahi kuigusa. Na ni kweli. Nyumba hii tunakunywa maji ya panela. Panela si sukari. Sukari inatoka kiwandani, imetiwa madawa mpaka ikawa nyeupe. Panela ni maji ya miwa na moto, basi, mpaka yagande kuwa bonge. Mtoto akiachishwa ziwa anapewa. Mwenye mafua anapewa. Aliyejifungua anapewa.

Na mpishi wake ni mimi. Kinu ni cha Bi Hermencia, lakini wanunuzi hawaulizi kinu. Wanauliza: hii kapika Belarmino?

Kwa hiyo sukari nimeacha. Kwa siku moja. Wengine wanalia miezi.

Kiu haiishi. Nimekunywa jagi zima la maji ya panela na ndimu.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo tumesaga. Saturnino, mchochea moto wetu, alikuwa chini tanurini, anasukumia makapi ya miwa motoni. Mimi juu kwenye makarai. Maji ya miwa yanahama karai hadi karai yakichemka. Yakifika karai la mwisho hakuna mwenye kauli ila mimi. Nikisema toa, yanatolewa na kumwagwa kwenye vibao vya kugandishia. Ukichelewa imeungua. Ukiwahi haigandi.

Zamani nilitazama viputo tu. Niko kando, napiga soga, jicho moja huko. Sasa mvuke umezidi. Nasema ni mvuke. Ninachoona ni weupe unaochezacheza. Kwa hiyo naonja. Upawa, tone ndani ya kibuyu cha maji baridi, mdomoni. Likivunjika kwenye jino, tayari. Ulimi wangu haujazeeka.

Nimeonja kutwa. Saturnino akapaza sauti toka huko chini: kaka, leo unapika au unakula? Nikamwambia ahangaike na majivu yake.

Panela imetoka safi, rangi ya dhahabu. Miguu kama ya kuazima. Nimejitupa kitandani na viatu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua imepiga, na sisimizi wa matako makubwa wametoka mashimoni. Oliva amewakaanga kwa chumvi. Alikutana na Yamile sokoni, akamuuliza, akajibiwa sisimizi ruksa. Ugonjwa gani huu, unakataza muhogo unaruhusu wadudu?

Pembeni ya sahani kiazi kimoja. Tumetazamana mimi na hicho kiazi. Kula, mzee, akasema Oliva, hakiumi. Nikamwambia nilipokuwa kijana nilikula vya kujaza kofia. Akasema ndiyo maana.

Nimekula. Kisha nikanywa maji yangu ya panela, angalau tumbo lijue limekula.

Jumanne, 23 Aprili

Zahanati tena. Kimashine kimepanda kuliko mara ya kwanza.

Babu, unakula sukari, akasema Yamile. Nikasema sili. Unakula. Nikamwapia kwa Bikira. Oliva, nyuma yangu, naye akaapa. Yamile akauliza, basi unakunywa nini? Nikamjibu kwa kujivuna. Maji ya panela. Jagi asubuhi, jagi mchana, jagi jioni. Kahawa pia naitia panela.

Alivua miwani. Babu, panela ni sukari.

Nikamwambia, binti, wewe umekuzwa kwa panela, na mimi ndiye niliyeipika. Akasema, najua. Na mama alikatwa mguu. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja siku ya soko. Mama yake nilimfahamu. Alikuwa akinunua mabonge kwangu mimi, si kwa mwingine.

Akanipa nisome herufi ukutani. Nikasema sina muda. Akaninyooshea vidole, vingapi? Nikabahatisha. Basi ikajulikana. Anasema sukari ndiyo inayofunika macho. Ikishuka, huenda yakarudi, si kesho, baada ya wiki kadhaa. Ikibaki juu yatakwenda moja kwa moja.

Hata kuonja? nikauliza. Hata kuonja. Unaonja mara ngapi? Nikasema mara mojamoja. Oliva akanitazama shingoni. Nilihisi.

Tulikwenda mpaka darajani. Hapo Oliva akauliza, toka lini huoni? Nikasema toka Krismasi. Na karai? Nikasema karai nalijua kama mkono wangu. Akasema, mzee, sijauliza kama unalijua.

Jumatano, 24 Aprili

Maji matupu. Kahawa chungu. Maji hayana kitu ndani yake.

Kichwa kinauma. Nimemgombeza kuku.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumesaga. Sikuonja. Upawa nilishika, mdomoni sikutia. Nikasikiliza karai linavyonguruma, nikanusa, nikasema toa.

Nimewahi. Vibao vimejaa, ikapoa, haijashika. Bi Hermencia alikuja, akabonyeza bonge. Kidole kikazama. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata la kujibu. Akasema, mzee Belarmino, Jumatatu ikitoka hivi Saturnino atapanda juu. Wewe utakaa na akina mama mfunge mabonge kwa majani.

Nikamgeukia Saturnino nikitegemea utani wake. Alikuwa anatazama majivu. Afadhali angecheka.

Jumapili, 28 Aprili

Kesho ninaweza kuonja. Nani atanizuia? Ulimi wangu, karai langu. Siku moja tu, nibaki na nafasi yangu, macho yatasubiri. Nimeyasema hayo kwa sauti, nadhani, maana Oliva ameacha kumenya.

Nitakuja kinuni kesho, akasema. Nikamwambia mwanamke hasimami kwenye karai la mwisho, asali ya miwa inakatika na haigandi tena. Baba alisema hivyo, na baba yake. Chakula unaleta mpaka mlangoni, unarudi, toka tuoane ni hivyo.

Akasema, mzee, nguo zako nafua mimi. Ukiingia hapo mlangoni, kabla hujavua kofia, najua kama leo iliiva au iliungua. Usinifundishe panela.

Nikamtafutia kofia yangu kuukuu.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika kinuni, nimekaa kwenye lundo la makapi, karai la mwisho liko motoni. Ni mpiko wa kwanza leo.

Oliva yuko hapa. Amevaa kofia yangu kuukuu, amesimama palepale niliposimama mimi. Saturnino aliuliza toka chini, shemeji, umekuja kumlisha? Oliva akasema, nimekuja kumtazama, wewe tazama moto wako, umelegea. Ulikuwa umelegea kweli. Watu wamecheka. Mimi pia kidogo.

Nimemwambia aseme anachokiona, asipambe. Anasema mambo ya jikoni kwake. Kwanza: ni kama uji unaoanza kununa kabla ya kutokota. Nikajua bado. Halafu: viputo kama macho ya samaki, vingi, vina haraka. Bado. Halafu nikasikia akilisogelea karai. Sasa vimekuwa vikubwa, akasema, macho ya ng'ombe, vinapanda polepole na kupumua.

Karibu. Kila mtu kinuni anajua ni karibu, mazungumzo yamekwisha.

Upawa uko kwenye msumari, hapa hapa karibu na mkono wangu. Kibuyu kimejaa maji. Mate yamenijaa mdomoni kama mbwa. Tone moja. Tone moja tu ningejua, wala nisingemhitaji mtu.

Bi Hermencia amesimama mlangoni. Shali au gauni, sijui, naona rangi ya buluu tu, lakini ni yeye, wengine hawasimami hivyo.

Oliva ameinama sikioni kwangu, wasisikie. Katikati pameanza manjano, mzee, na kingo zinajikunja. Sasa?

Nimeugeuzia upawa mgongo. Nimemwambia usinyamaze, endelea kusema mpaka niseme toa.