Meseji Niliyokutumia Siku Uliyokufa

Bakari, mtani wangu,

"Nani atahangaika kuwadanganya wakulima wa Handeni?" Hayo ndiyo aliyoyasema katibu wetu mkuu, Hamisi, kwenye kikao cha juzi, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Anataka muhuri uondolewe kwenye matangazo ya misiba. Anasema unatuchelewesha, kwamba chama cha kufa na kuzikana si benki, kwamba anwani ya mashine yetu haijulikani na mtu, na kisichojulikana hakihitaji kufuli. Jumamosi makatibu wa matawi watapiga kura. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu hoja hiyo iliwahi kushinda, na aliyeishindisha ni mimi.

Acha nimjibu kwanza. Unanijua, siwezi kulia kabla sijamaliza kubishana.

Kile ambacho mafundi wa kompyuta wanakiita webhook, wewe ulikiita mjumbe, na ulinieleza taratibu mpaka nikaelewa. Daftari la wanachama liko kwenye programu moja, ile uliyoitengeneza wewe Handeni. Kutuma meseji ni kazi ya programu nyingine, inayosimamiwa na ofisi yetu ya Korogwe. Mwanzoni ile ya Korogwe ilikuwa inaiuliza ya Handeni kila baada ya dakika kadhaa: kuna msiba? Kuna msiba? Ukasema huo ni usumbufu, mwenye habari ndiye aende akabishe hodi. Ukageuza. Tangu hapo katibu wa tawi akiandika kwenye daftari kwamba fulani amefariki, daftari lenyewe linamtuma mjumbe papo hapo kwenye anwani moja ya mtandaoni, na programu ya Korogwe ikimpokea inawaambia wanachama wote: nani, wapi, mazishi saa ngapi. Sisi tunazika siku hiyohiyo. Kwa mtu aliyeko shambani Kwamsisi, saa moja ni tofauti ya kushika jembe la kaburi na kukuta watu wanakung'uta viatu.

Sasa anwani ile ni mlango, na mlango ule ulikuwa unamfungukia yeyote anayebisha. Hamisi anasema haujulikani. Ni yeye mwenyewe aliyeubandika kwenye grupu la wanachama, akilalamika kwamba akiubofya anaona ukurasa mweupe, nani amsaidie. Grupu zima likauona. Mwanachama mmoja wa Kerenge akamtumia shemeji yake, fundi wa kompyuta, ambaye chama cha kwao kilitaka kuwa na mjumbe kama wetu. Yule fundi hakutaka kumdanganya mtu. Alitaka kujifunza. Akaandika mfano wa kujaribia, akautuma pale: mwanachama namba moja amefariki. Mashine yetu haikuwa na namna ya kuuliza umetumwa na nani. Ikaamini.

Na mwanachama namba moja ni wewe.

Siku ile ulitoka kupalilia mahindi ukakuta pikipiki za Kwamsisi zimejaa uani, kuni zimeshushwa, kina mama wanalia, na mkeo, Mama Zuhura, anawauliza anayeliliwa ni nani. Mimi nilitoka Korogwe mbio. Wewe ni mtoto wa shangazi yangu, mimi ni mtoto wa mjomba wako, na msibani mtani ana kazi yake: asimame kaburini amtanie marehemu, awazuie wachimbaji, awatoe waliofiwa kicheko hata kama hawataki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno huku machozi yananitoka. Nikakukuta umekaa kwenye mkeka wa msiba wako mwenyewe, unakunywa chai. Nilikwambia una roho mbaya, umenitoa Korogwe bure. Ukanisogezea kikombe.

"Kaa, mtani," ukasema. "Kuni zipo, nitakufa baadaye."

Tulicheka wiki nzima. Tangu siku ile sikukuita kwa jina. Nikikupigia simu nilikuwa nauliza kama marehemu ameamka.

Lakini wewe hukuishia kwenye kicheko. Kwenye kikao kilichofuata ulileta ombi: mjumbe asimame wiki mbili, uweke muhuri wa kuthibitisha aliyemtuma. Ulieleza vizuri, kwa upole wako ule ambao kwenye vikao vyetu unaonekana kama woga. Hamisi akasema limetokea mara moja, halitatokea tena, nani atahangaika kuwadanganya wakulima wa Handeni? Kisha akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye ulimi.

Nilisimama, Bakari. Nilisema msiba hausubiri hesabu za siri. Nilisema wasomi wetu wana tabia ya kubeba hofu za watu wa mbali na kuja kuzipanda kwetu. Niliuliza ni adui gani huyo anayeyaonea wivu makaburi yetu. Watu walicheka, wakapiga makofi. Na wewe ulicheka, kwa sababu kweli ilichekesha. Sikuwa nimelifikiri jambo lenyewe hata dakika moja. Nilikuwa na sentensi nzuri, nikaitumia.

Tukiwa tunatoka nje ulinishika mkono. Maneno yale niliyachukulia kama ya mtu aliyeshindwa.

"Mimi siogopi atakayekuja kutudanganya," ulisema. "Naogopa siku ya kweli. Tutabisha hodi, na watu hawatajua kama ni sisi."

Kisha ilikuja ile asubuhi. Nilikuwa Korogwe, mezani, naandika makala ya kumjibu mtu ambaye leo hata jina lake silikumbuki. Simu ikalia. Tangazo la msiba: mwanachama namba moja, Bakari, mazishi alasiri. Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Nikacheka peke yangu. Nikachukua simu nikakuandikia: "Umekufa tena? Safari hii siji mpaka niambiwe kuna pilau." Nikarudi kwenye makala yangu.

Sikupiga simu. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini, na jibu ni dogo la kutia aibu: niliona utani wangu umekaa vizuri, sikutaka kuuharibu kwa kuuliza.

Shemeji yako ndiye aliyenipigia, jua limeshaanza kushuka. Hakugomba. Alisema presha ilikupanda ukiwa unavaa viatu uende shambani, hukufika hata hospitali. Akasema tumeshazika. Akaongeza kwamba meseji yangu wameiona, simu yako alikuwa nayo Mama Zuhura.

Nilifika Handeni baada ya magharibi. Mkeka ulikuwa uleule. Kerenge hakuja mtu hata mmoja. Waliambiana kwamba mashine imeanza tena. Mnyuzi walikuja wawili, nao kwa sababu walikuwa tayari mjini. Watu wa Kwamsisi, wale waliobeba kuni siku ya uongo, siku ya kweli walibaki wakipalilia. Wewe uliyetusajili sote ulizikwa na majirani zako na watu wa msikitini. Mama Zuhura alinipa mkono, akaniuliza kama nimekula. Nilitaka anitukane. Akaniletea wali.

Ni miezi minne sasa. Nikueleze yaliyobadilika.

Muhuri upo. Zuhura wako ndiye aliyeuweka, kwa maelezo uliyoyaacha kwenye lile daftari la jalada jekundu, nami nilikuwa nimekaa pembeni yake kila siku kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda na aibu yangu. Amechukua mikono yako, hata ile tabia ya kuguna kabla ya kujibu. Alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza. Handeni na Korogwe wana neno moja la siri wanalolijua wao tu, na neno hilo halisafiri kamwe. Daftari la wanachama likitaka kumtuma mjumbe linachukua taarifa nzima pamoja na saa iliyotumwa, linaipitisha kwenye hesabu pamoja na neno lile, linapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Huo ndio muhuri. Korogwe wanaifanya hesabu hiyohiyo upande wao. Ikilingana, wanampokea mjumbe. Herufi moja ikibadilika, au ikiwa taarifa ni ya zamani mtu ameiokota anairudisha, anarudishwa mlangoni. Kila taarifa ina namba yake pia, ili msiba mmoja usitangazwe mara mbili mtandao ukikwama. Na majaribio yana mlango wao, mbali na wa misiba.

Siku ya kwanza mashine ilikataa kila kitu. Mjumbe halali, muhuri halali, anarudishwa. Nilitaka kuivunja kompyuta. Zuhura aliguna, akafungua jalada jekundu, akakuta umeandika pembeni kwa penseli kwamba muhuri ukaguliwe kabla taarifa haijaguswa. Kumbe sisi tulikuwa tunaifungua barua, tunaipanga upya ndani, ndipo tunakagua muhuri wa barua ambayo si ileile tena. "Baba mdogo," akaniambia, "alijua tutakosea hapa." Tukatoka nje wote wawili kwa muda.

Hamisi alipoambiwa kuna neno la siri aliomba liwekwe kwenye grupu ili kila mwanachama awe nalo. Nakuapia, mtani. Nilicheka mpaka nikakumbuka huwezi kusikia.

Sasa wiki iliyopita muhuri ulikataa tangazo moja la Mnyuzi. Saa ya mashine ya Korogwe ilikuwa imerudi nyuma baada ya umeme kukatika, mjumbe akaonekana ametoka kwenye saa ambayo bado haijafika. Zuhura alipata taarifa ya kukataliwa palepale, akampigia katibu wa Mnyuzi, akahakikisha, tangazo likatoka. Dakika ishirini zilipotea, na mazishi hayakumpita mtu. Hizo dakika ishirini ndizo silaha ya Hamisi. Sikatai kwamba ni kasoro, na saa imesharekebishwa. Lakini mtu anayezitaja hizo bila kutaja kaburi lako ananificha kitu, na mimi sitakubali kufichwa tena, hasa nikiona anayeficha anatumia maneno niliyompa mwenyewe.

Bakari, hukunilaumu ukiwa hai, na sasa huwezi. Nilibeba maneno ya utani mpaka kwenye msiba wako wa uongo, kisha siku yako mwenyewe nikakosekana. Nitakuja baada ya kikao cha Jumamosi. Nitasimama pale nikutanie kama inavyotakiwa, Mama Zuhura akiwepo, akicheka au asipocheka. Nakuahidi pia kwamba kuanzia sasa nitauliza kabla ya kujibu, ingawa hapo unajua itabidi uniombee. Mungu akurehemu, mtoto wa shangazi. Lala.

Barua hii nitaisoma kikaoni, kwa hiyo mistari hii ya mwisho si yako.

Nyinyi makatibu wa Kwamsisi, Mnyuzi na Kerenge: mlinipigia makofi siku ile, na siku ya kweli mlibaki nyumbani kama mimi. Leo hotuba ya kuwafurahisha sina. Nataka muhuri ubaki, Zuhura apewe ufunguo wa ofisi ya Korogwe, na neno la siri lisiandikwe kwenye grupu lolote. Na kabla hamjanyoosha mkono, kila mmoja wenu aseme mbele ya wenzake alikuwa wapi alasiri ile Bakari alipozikwa. Nitaanza mimi.