Brody anahamia California

Marcy, Brody anaondoka. Ndiyo, Brody wetu, mrushaji mpira bora ambaye timu yetu ya besiboli imewahi kumpata hapa Ohio. Anaenda California.

Nimetoka kwao sasa hivi. Baba yake, mzee Wendell, alikuwa ameweka simu katikati ya meza ili wote tusikie habari njema. HABARI NJEMA, Marcy.

Brody akasema, "Baba, nimesaini. Sehemu kubwa ya mshahara watanilipa nikishastaafu. Hela inayobaki sasa wananunulia wachezaji wengine, tubebe kombe."

Mzee akatoa macho. Maana mwezi uliopita timu yetu iliomba hivyohivyo, imlipe baadaye ili ipate hela ya kununua wachezaji wa kumsaidia. Mzee ndiye aliyekataa. Si unajua kiwanda kilivyofungwa na pensheni yake ikayeyuka? Aliwaambia, "Mimi nimelishwa ahadi za kutosha, mwanangu hatalishwa."

"Sasa za huko umezikubali vipi?" akauliza.

"Hawa ni matajiri, baba, hawafilisiki. Mimi nilitaka kubaki. Wewe ndiye uliyesema nyumbani wasiniahidi kitu."

Hakuna aliyegusa tena chakula. Wewe ndiye uliyesema. Bado naisikia.

Mzee akainamia simu. "Kwa hiyo ni mimi niliyekufukuza?"

Brody hakubisha. Aliuliza tu mama amepika nini.