Zamu ya Maji Haitakwama Tena

Tiwi, Jumamosi. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Shikamoo dada Mwanamisi,

Nimefurahi hata chakula hakipiti! Unakumbuka ulivyorudi na mitungi mitupu kwa sababu ukurasa wetu wa zamu za maji ulikataa kufunguka, kijiji kizima cha Mkongani kikiufungua kwa pamoja? Toleo jipya la programu huria ya seva, ile kompyuta inayotuma ukurasa kwenye simu zenu, huweka nakala ya ukurasa tayari na kumpa kila anayeuliza. Wenzetu wa kujitolea wanaoitunza programu hiyo wameshalifunga kuwa kifurushi, nikalisakinisha kwa amri moja tu.

Tulipoujaribu sote hapa kazini kwa simu, ukurasa ulifunguka papo hapo, lakini ulionyesha zamu ya jana! Nilikuwa nimesahau kuieleza seva ikae na nakala muda gani. Bi Riziki, anayetupikia hapa na kuuza mahamri, akacheka: "Mwanangu, hata mimi mahamri ya jana siyauzi kwa jina la leo!" Basi nimeiagiza ibadilishe nakala kila dakika tano, na sasa inasema kweli.

Jumatano ni zamu yenu. Angalia simu kwanza, ndipo ubebe mitungi. Nisalimie watoto mmoja mmoja. Nalala sasa, saa nne na robo.

Mdogo wako,
Mwanajuma