Mkwe Hatajwi, Hata Nyuma ya Kitabu

Sekei, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila Elia anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima hailali. Magoti yako yanaonaje baridi hiyo ya Usangi? Usiteremke kisimani mwenyewe, watume watoto wa Kaka.

Na wewe Kaka Yohana unayemsomea Mama, tafadhali usiruke mstari.

Barua yenu nimeipata. Sijui maneno yale ni ya Mama au ni ya Kaka. Eti nimekosana na Mzungu wangu, nimewaudhi wakwe, Baba Elia yuko kwenye mkonge Tanga wala haandiki. Basi Kaka anakuja kunichukua, na nikikataa atamchukua mtoto. Mama, sikiliza kwanza kutoka kinywani mwangu.

Bwana, yule Mzungu ninayemfanyia kazi, anaandika kitabu cha mifereji ya maji ya Mlima Meru, apeleke chuo kikuu cha kwao. Mimi nakipiga taipu. Kitabu chenyewe si kigumu, kigumu ni mkia wake. Kila neno ambalo hakulitoa kichwani mwake lazima amtaje aliyelisema: jina la ukoo na mwaka, ndani ya mabano. Kisha nyuma kabisa majina yote yapangwe kwa mfuatano wa herufi, jina la kitabu lipigiwe mstari, nukta hapa, mkato pale. Mkato mmoja ukikosekana anachana ukurasa mbele ya macho yangu. "Msomi hujulikana kwa orodha yake," ananiambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeomba usomi.

Sasa humo hamna vitabu tu. Wamo na wazee waliomweleza habari za mifereji, nao waandikwe jina na kijiji. Mmoja wao ni baba mkwe wangu. Mama, tangu niolewe sijalitamka jina lile. Hata jirani yangu mwenye jina hilo namwita "yule wa mbuzi". Basi nikapiga "Babu wa Elia, Akeri", nikampanga kwenye B, nikaendelea na kazi. Sikuona kosa. Huko mlimani nani asiyemjua?

Bwana akaja na karatasi mkononi. "Huyu ni nani?"

"Ni Babu wa Elia, Bwana."

"Na Elia ni nani?"

"Huyu hapa mgongoni."

Uso ukamwiva. "Chuo kikuu kitamtafuta wapi babu wa mtoto wako? Andika jina!"

"Mkwe hatajwi, Bwana."

"Basi uliandike, au Jumatatu usije." Akachukua kalamu, akamfuta mzee, juu yake akaandika "wenyeji husema".

Karani Salimu akacheka hadi akashika meza. "Wapare jamani! Wenzako wanaolewa na mtu, wewe umeolewa na jina!"

Nikamwambia, "Na mkeo anakuitaje? Si anakuita 'wewe'?" Akainamia madaftari yake.

Habari ilipanda mlimani kabla sijafika nyumbani. Mama mkwe akateremka, hata maji hakunywa. "Wazungu wote wana majina humo, mume wangu ndiye awe 'wenyeji'? Mfereji ule ulichimbwa na baba yake! Kesho mtu mwingine atasema ni wake!"

"Kwa hiyo unataka nimwandike, mama?"

"Thubutu!"

Mama, niambie, hapo ningefanya nini? Huku nikiandika sina ukwe, kule nisipoandika sina kazi, na mtoto analilia uji.

Jumapili baada ya ibada mzee akaja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje akanipa mgongo, kama inavyotakiwa, akasema na mtoto aliyekuwa kizingitini akitafuna kamba ya kiatu.

"Elia, mwambie mama yako hakukosea. Mwambie pia nataka jina langu liwe humo, na la baba yangu. Mzungu aliandike yeye. Mkono wake haukuolewa kwangu."

Nikajibu, "Elia, mwambie babu nimesikia."

Jumatatu nikaenda kazini, nikamweleza Bwana maneno hayo, sikupunguza hata moja. Kisha akavuta kiti, akapiga jina kwa kidole kimoja huku akilaani kwa lugha ya kwao. Aliponipa orodha niikague, mstari ule niliufunika kwa rula. Mkato ukikosekana hapo, ni wake.

Hakunishukuru. Anasema kitabu kikiisha atatafuta mwanamume asiye na wakwe. Amtafute. Mashine bado naikalia mimi, na Elia anakula.

Nisalimie shangazi anayenisukia vikapu, mwambie cha mwisho nabebea nepi. Nisalimie bibi mzaa baba, na mwalimu aliyenifundisha mwandiko. Wewe Mama nakukumbatia. Mjukuu wako nitakuletea mwenyewe akishaanza kutembea.

Kaka, wewe usije. Ukija, utamkuta mzee mmoja mlangoni amekupa mgongo. Mwombe yeye huyo mtoto. Na umtaje jina, maana wewe hukuolewa kwake.

Ni mimi binti yako, niliyechoka lakini nimesimama,

Mama Elia